Mama Alimwambia Mgeni Alichonificha Mimi

Admin, ukiposti hii toa jina langu, na kijiji usikitaje. Mimi ni mwanamke wa miaka 29, nasoma shahada ya pili na nimepanga Suna, mjini Migori. Nyumbani ni Rusinga, kisiwa cha Homa Bay, ambako mama anaishi peke yake tangu baba afariki. Ndugu zangu wako mbali, kwa hiyo mtoto wa karibu ni mimi.

Mwaka huu niko kwenye utafiti kuhusu wajane wa Homa Bay na Migori: wakiugua wanakwenda wapi, na wanamwambia nani. Nilisaidia kuupanga. Kwanza dodoso la maswali mafupi, halafu mahojiano marefu kwa wachache. Mimi ni mtu wa utaratibu, wenzangu hunitania kwamba hata chai naijazia fomu. Ni mimi niliyesisitiza kwamba mhojaji asitumwe kwao. Nilisema watu hawamwambii jirani ukweli, kwa hiyo wa Migori waende Homa Bay na wa Homa Bay waje Migori. Majina yafichwe, kila mjane awe namba. Msimamizi wetu alikubali, nami nikajiona nimefanya la maana.

Kabla ya kuanza nililijaribu dodoso kwa mama, nikamwambia ni maswali ya shule. Kwenye swali la ugonjwa alisema hana, nikaweka alama kwenye "hapana", tukaenda kula. Mtu aliyejaribiwa hatakiwi kuhojiwa tena, lakini sikumwambia yeyote, na jina la mama likabaki kwenye orodha ya wajane watakaohojiwa. Kosa hilo ni langu.

Wiki tatu zilizopita nilipewa rekodi niziandike na kuzitafsiri. Mshiriki namba kumi na saba alikohoa kabla ya kujibu swali la kwanza, nikajua ni mama. Kanuni inasema ukimtambua mtu unasimamisha rekodi na kuirudisha. Sikuisimamisha.

Mhojaji alimuuliza polepole. Mama alijibu kwa Kijaluo, na mimi ndiye niliyetafsiri: "Kuna kitu kwa titi yangu. Ilianza ndogo, sasa ni kama yai. Msichana wangu asijue. Akijua ataacha shule akuje kuniuguza, vile alifanya na babake, mwaka mzima ikapotea. Wewe nakuambia juu hunijui."

Alipewa barua ya kwenda hospitali. Akacheka kidogo, akasema ataiweka. Nikaandika hata hicho kicheko kwenye mabano, kama tulivyofundishwa, nikaituma kazi. Sikulia. Mpaka leo sijalia, nakula, nalala, naenda darasani. Ni kama jambo hili ni la mtu mwingine.

Nilimweleza msimamizi. Alisema amesikitika, ila nilisaini kiapo cha kutunza siri, na mama naye aliahidiwa. Mhojaji angemrudia kumkumbusha hospitali, zaidi ya hapo hakuna. Amemrudia mara mbili na mama hajaenda.

Jumapili nilikwenda Rusinga. Nilimuuliza afya yake kwa njia zote ninazowafundisha wahojaji: nikauliza moja kwa moja, nikauliza kwa kuzunguka, nikanyamaza nikingoja. "Nyathina, mwanangu, mimi niko sawa," alisema. Nilipomkumbatia alinipa bega moja tu.

Kisha mwenyewe akanisimulia kwamba walikuja watu wenye maswali kama yale yangu ya shule. Alimsifu sana yule msichana aliyemhoji, kwamba ana adabu na anajua kusikiliza. "Aliniambia hakuna mtu wa kwangu atasikia," akasema, "na mimi nilimwamini." Nikamuuliza walizungumza nini. Akasema ni mambo ya wamama tu, akaniongezea samaki.

Nikimwambia nimesikia, sijui kama atamwamini tena mtu yeyote anayemuuliza anaumwa wapi, hata daktari, hata mimi. Na wajane wengine pale kijijini walifungua mioyo yao kwa ahadi hiyo hiyo. Nikinyamaza, uvimbe unakua. Ninyi mnaosoma hapa, hasa wenye mama, niambieni ukweli: niivunje ahadi iliyomfanya mama aseme, au niitunze mpaka nimzike?