Mkalimani Aliyeacha Mikro

"Walimufunga kinywa," Mama Divin aliniambia tukipanga foleni ya maji. "Mama Pascaline. Banasema kuko mwenye alitaka ile mikro ya kanisa, akaenda kwa muganga."

"Lakini jana alinisalimia."

"Salamu tu! Neno la Mungu njo haiwezi kutoka. Weye jirani yake, hauone?"

Nilisukuma ndoo yangu mbele. Ukuta wa Mama Pascaline ndio ukuta wangu. Akikohoa namsikia. Na Izere wangu akilia kwa meno, yeye hugongagonga ukuta kwa vidole, polepole, mpaka mtoto anyamaze kusikiliza. Mtu aliyefungwa hafanyi hivyo.

Alitoka Bukavu. Mama yake mzazi alikuwa wa ng'ambo ya mto Ruzizi, upande wa Rwanda, kwa hiyo Kinyarwanda alikijua tangu utoto. Mume wake aliuawa kule, na waliokuja kumuua walikuwa wakisema lugha hiyo hiyo ya mama yake. Hakunisimulia. Mambo hayo hapa kambini mtu anayapata kidogo kidogo, kama anavyopata kuni.

Kwanza aliishi Lilongwe, Area 49, akishona nguo dirishani, kando ya barabara. Kisha wakimbizi wa mjini tukaambiwa tuhamie hapa kambini, Dzaleka. Cherehani yake ilipakiwa juu ya magunia, ikafika imevunjika mguu, na hadi leo imeegemea tofali. Kutoka tena ni kuomba kibali. "Hii nafasi ilijengwa ya kufungia bantu," alinitania siku moja, maana Dzaleka zamani ilikuwa gereza, "na haijasahau kazi yake."

Kanisani kwetu sisi Wanyarwanda tunakaa upande wa madirisha, Wakongomani upande wa mlango. Kila upande una korali yake; mume wangu Ngabo anaimba katika yetu. Katikati alisimama Mama Pascaline na mikro, kipaza sauti cha kanisa, akigeuza Kinyarwanda kuwa Kiswahili, na Kiswahili kuwa Kinyarwanda. Mkalimani kwetu habaki nyuma ya mhubiri. Mhubiri akipiga magoti, naye chini. Akilia, naye machozi. Watu walimsifu, yeye akajibu, "Mi niko bomba tu. Mayi inapita, bomba inabaki na kiu."

Kabla ya Pasaka alikuja mhubiri mgeni kutoka Lilongwe, Marie-Goretti, mjane wa kwetu Rwanda. Akashuhudia kwa Kinyarwanda: waliua bwana yangu.

"Baliua bwana yangu," Mama Pascaline akasema kwa Kiswahili. Upande wa mlango ukatulia. Wao wanajua kuwa na wake aliuawa.

Marie-Goretti akaendelea: nimewasamehe.

Mama Pascaline akafungua kinywa. Hakikutoka kitu.

"Sema, mama," pasta wetu, Byamungu, akanong'ona. "Sema, bantu banangoja."

Yule mgeni akamtazama. Alielewa nini, sijui. Aliweka mikro yake juu ya kiti, akamshika mikono yote miwili, wakasimama tu. Hata watoto waliacha kuchezea viatu. Nilikuwa upande wa madirisha, Izere kifuani, na machozi yalinitoka bila sababu niliyoweza kuitaja. Kule mlangoni mama mmoja ambaye hatujawahi kusalimiana alikuwa analia vilevile, ananiangalia. Nilihisi Mungu yuko pale, hana upande. Kisha mpiga ngoma akaogopa kile kimya, akapiga ngoma, korali zikaingilia, kila moja na wimbo wake.

Tangu hapo Mama Pascaline hakugusa mikro. Alhamisi mchana hufungua mlango wake, anakaa, mwenye kutaka anakaa naye. Hakuna mahubiri. Mara nyingi ni yeye na mimi na Izere. Ngabo alinikataza. "Batatutoa mu korali, we," aliniambia. Nilikubali, na Alhamisi iliyofuata nikaenda.

Jana Pasta Byamungu alikuja kwake na wazee wawili. Kupitia ukuta nilisikia kila kitu.

"Mama, Banyarwanda banataka ibada yao, sisi yetu. Kanisa inapasuka kwa ajili yako. Rudi Jumapili."

"Pasta, nilibaunganisha na maneno miaka yote, na baliketi pande mbili. Ile siku nilinyamaza, balilia pamoja."

"Kimya haihubirake, mama!"

Wazee walicheka. Mama Pascaline hakucheka.

"Banataka niseme nimesamehe. Sijasamehe. Siwezi kumudanganya Mungu ndani ya mikro. Na nikisema sijasamehe, munajua bantu batafanyana nini."

Kisha Pasta, kwa sauti ya chini kuliko ile ya kanisani: "Basi Jumapili utasema ao utatoka. Na mutu hana kanisa hapa, mama, siku anakufa, nani anamuzika?"

Walipoondoka, ukuta uligongwa. Izere hakuwa analia; alikuwa amelala. Nilimfunga mgongoni, nikazunguka.

Nilimkuta amekaa kando ya cherehani, mikono juu ya mapaja.

"Ulisikia," alisema.

"Nilisikia, mama."

"Ngabo ataimba Jumapili?"

"Ataimba."

"Atakukasirikia, basi." Aliinuka, akamgusa Izere kisigino, kile kilichochungulia nje ya kitenge. "Mama Izere, sina nafasi ingine ya kwenda. Nitaenda palepale mbele. Batanipa mikro, nitaishika, na sitasema kitu. Peke yangu, batasema ni ule muganga. Weye utoke kule ku madirisha, upite katikati bote banakuona, ukuje na huyu mutoto. Unishike mukono tu. Usiniombee, usiseme. Utakuja?"