Kigeu Kisichotaka Kuondoka

Saa tatu asubuhi, ghorofani juu ya duka la viatu, mwanamke wa miaka hamsini na ushei anafuta ubao kwa kiganja. Dasta ipo, haitaki. Wenzake humwita Bi Alama, na wanaapa kwamba hata chumvi jikoni kwake ameiandikia nukta mbili mbele, isije ikajifanya sukari.

Kazi yake ni kutunga sheria za lugha inayotumika kuiuliza hifadhidata, ule mtambo wa majedwali unaotunza habari za wateja, wanafunzi au wagonjwa. Yeye ndiye husema kigeu, yaani jina la muda linaloshika thamani, kiandikwe vipi na kiishi hadi wapi.

"Kigeu ni mgeni," anasema. "Unampokea, anafanya kilichomleta, anaaga. Ukimkuta sebuleni wiki ya pili, ujue kuna jambo."

Na jambo lilitokea. Katika toleo la lugha hiyo ambalo wateja wanalo hadi leo, kigeu huendelea kuishi mpaka mtu afunge mashine. Mwaka jana, kwenye zahanati moja, muuguzi alimaliza kumhudumia baba mmoja wa miraba minne, kisha akafungua habari za mtoto mchanga ambaye uzito wake ulikuwa haujaingizwa. Mashine ikaokota uzito wa yule baba, uliokuwa bado unazubaa humo, ikapiga hesabu ya dawa na kutoa kibandiko chenye uzito na kipimo.

Muuguzi akakisoma. Akapiga simu ofisini kwa Bi Alama.

"Dada, mashine yenu inasema huyu niliyempakata ana kilo tisini na mbili. Mbona mkono wangu mzima?"

"Umeshampa dawa?" Bi Alama akauliza.

"Ningekuwa nimempa, ningekuwa natania hapa?"

Bi Alama anasema alikaa sakafuni na simu yake. "Angeweza kututangaza mji mzima, na angekuwa na haki. Alitupigia sisi kwanza. Sijawahi kumwona kwa macho, lakini namshukuru kila nikiamka, hata kabla sijavaa miwani."

Shukrani hiyo ndiyo iliyozaa sheria iliyo ubaoni. Kigeu kitanguliwe na nukta mbili, kisichanganywe na safu ya jedwali. Kikizaliwa ndani ya mabano, kife humo humo. Atakayekiita nje ajibiwe wazi kwamba hakipo, mashine isibahatishe.

Leo inaamuliwa. Mkuu wa kazi, kijana wa kumzaa, anautazama ubao kama mtu anayetazama jino lake mkononi mwa daktari.

"Shangazi, programu za wateja zitagoma. Watatula nyama."

"Zigome, mwanangu. Programu ikigoma inatengenezwa. Mtoto je?"

Mkuu anakuna kidevu.

"Haya, ipite. Lakini simu zao utapokea wewe."

"Nitapokea mpaka sikio liombe likizo!"

Kabla toleo jipya halijatoka, anapanga kulipeleka kwanza zahanati ile, lipite mikononi mwa muuguzi alijaribu kabla ya mkubwa yeyote kuligusa.

"Nimeshampigia," anasema, akifuta macho kwa kiganja kile kile chenye wino, uso ukimchafuka wote. "Akaniuliza, 'Nikiliharibu je?' Nikamwambia, liharibu, dada yangu. Nitakushukuru mara ya pili."