Endigidi ya Baba na Fidla ya Shule

Ngozi ya kenge ikianikwa juani hutoa harufu kali ya kinamasi, na katika chumba chetu cha Nalufenya, Jinja, harufu hiyo ilikuwa ndiyo harufu ya baba. Siku za kazi alibeba saruji kwenye ujenzi wa bwawa la umeme mtoni; jioni za Jumamosi alikaa kizingitini, akaegemeza endigidi yake tumboni, akaanza kuikwaruza. Ilikuwa kigogo kilichotobolewa na kuwambwa ngozi ile, uzi mmoja wa katani na upinde mdogo. Kwa uzi huo mmoja aliwataja marehemu wetu, akamsuta jirani mchoyo, akambembeleza mama aliponuna. Wapita njia walisimama, kisha wakajikuta wamekaa.

Nilipotimiza miaka kumi na miwili, shangazi alinichukua kwake Nkoma, Mbale, nikasome shule ya wasichana ya misheni. Huko mwalimu wa muziki, mama wa Kizungu tuliyemwita Madamu, aliniwekea fidla begani: nyuzi nne, mbao zinazong'aa, kidevu juu, mgongo wima. Nilipomwambia kwamba baba naye hupiga, na nikaeleza anapiga nini, alisema kwa upole kwamba ile si ala, ni kelele za kilabuni. Wenzangu wakacheka. Mkataa kwao ni mtumwa, na mimi niliukimbilia utumwa huo kwa miguu yangu.

Siku ya tamasha la kufunga mwaka baba alikuja kwa basi, amevaa koti la kuazima, endigidi ameifunga ndani ya kitambaa. Shangazi alikuwa amemwandikia kwamba ninapiga, naye akadhani tutapiga pamoja. Mlangoni Madamu aliniuliza kwa Kiingereza, "Huyu ni nani?"

"Mtunza bustani wa shangazi," nikajibu.

Baba alikuwa amefanya kazi chini ya Wazungu miaka mitatu. Kiingereza cha kiasi hicho alikielewa. Alikwenda kusimama nje, dirishani, pamoja na wapishi.

Tamasha lilipokwisha nilimkuta langoni.

"Umepiga vizuri, Kagoya," alisema. "Ule wimbo unamwimba nani?"

"Haumwimbi mtu, baba. Ni zoezi."

Akatikisa kichwa taratibu, akaenda zake.

Likizo nilipofika nyumbani, mama aliniambia kwamba baba aliipasua endigidi mwenyewe, bila hasira, akawashia jiko. Hakupiga tena. Kifua kilimchukua kabla sijamaliza shule, na radhi sikuwahi kumwomba.

Siku hizi vijana wa Jinja hupiga endigidi harusini kwa vipaza sauti, na watu huwatunza noti. Huniita mimi, mwalimu mstaafu wa fidla, niwaeleze wageni tofauti ya ala hizi mbili. Naeleza mbao, nyuzi na ngozi, wananipigia makofi, nami naketi kwenye kiti cha mbele ambacho hakuna aliyewahi kumpa baba, hata mimi.