Verni Niliyosugua na Majivu

"Mama yake njo aliharibu," infirmier, muuguzi wa meno, akasema, akiinua na koleo jino alilotoka kung'oa kwa binti yangu. Wamama wote ku banc ya kungojea walikuwa wanaangalia. "Sisi tulipaka dawa. Nyumbani wanachezea."

Pale uvumilivu wangu ukakatika. "Docta, siku ile ulituambia nini? Sema!"

"Mama, punguza moto. Hapa si soko."

"Afazali soko! Kule hata mwenye kuuzisha dawa ya panya anaelezeaka!"

"Verni inapashwa kulala ku meno mupaka kesho yake, hakuna kusugua. Kila mutu anajua!"

Kila mutu. Nikageukia banc. Mama moja akainamisha kichwa: "Hata mimi nilisugua."

Miaka mbili kabla ya ile siku, vita ikiwa imebana barabara, huyo infirmier alitufikia Butembo toka Beni na tube ya verni ya fluor, ile inagumisha jino lisioze. Basoda wenye bunduki waliifungua ku kila barrière ya njiani, wakainusa, wakaiacha. Alipanga batoto, akapaka, akaandika majina mu cahier, akaita mwenye kufuata: "Suivant!" Kwetu wazazi, hata neno.

Binti yangu alikuwa na miaka sita, magego yake ya ukubwa yametoka tu. Akarudi na meno ya manjano, yananata. Ilikuwa posho, ile Jumamosi, na kwetu posho batoto wanasuguliwa kwa ajili ya kanisa: visigino na jiwe, meno na majivu. Kesho yake alipashwa kuimba mbele ya watu.

"Utamupeleka na meno ya muvuta tumbaku?" mama mukwe akaniuliza.

Nikachota majivu. Mutoto alilia, nikamushika kidevu, nikasugua mupaka yakawa meupe. Nilifurahi hata. Dawa iliyopita ku bunduki zote, mukono wangu njo uliikatalia. Labda lile gego lingeoza tu. Sitajua kamwe, na lingine halitaota.

Jumatatu, kisha jino kung'olewa, nikapeleka barua kwa médecin chef, mukubwa wa hospitali. Secrétaire akaisoma, akaguna: "Mama, hii ya majivu toa, itakuangusha."

"Acha ivyo. Piga cachet, muhuri wenu."

Niliandika hivi: "Ninashitaki infirmier wa meno, sababu alipaka batoto yetu verni bila kutuelezea, kisha akatutukana mbele ya watu. Mimi mwenyewe niliitoa na majivu, na si mimi peke yangu. Ninaomba, kabla ya kupaka tena, wamama waitwe, waambiwe kwa Kinande na kwa Swahili: musisugue mupaka kesho."