Siku Mshindi wa Riwaya Alipotajwa Embu

Siku yangu ya kwanza katika jopo la waamuzi, yaani watu wanaochagua kitabu cha kutuzwa, nilivaa suti niliyoshonewa Meru nikafika Embu kabla ofisi hazijafunguliwa. Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili, nimezoea kuhakiki riwaya mbele ya kidato cha nne. Hapa tulikuwa watatu: Mwenyekiti, ambaye alikuwa profesa mstaafu aliyenifundisha chuoni; Mhariri wa kampuni moja ya vitabu; na mimi. Miswada ililetwa bila majina ya waandishi, nasi tuliahidi kutomwambia yeyote, hata wa nyumbani, kwamba sisi ndio waamuzi.

Mswada uliotugombanisha ulikuwa riwaya ya kisayansi, ile inayobuni maisha ya kesho kwa kufuata sayansi. Humo, bwawa la Kiambere limekauka. Watu wanapata maji kwa mtambo unaoyavuta kutoka hewani, lakini kila mtungi unamnyang'anya mchotaji kumbukumbu moja. Mama mmoja anachota hadi anasahau jina la mwanawe.

"Hii ni mitambo tu," Mwenyekiti alisema akiusukuma kando. "Fasihi ni watu. Aliyeandika hiki hajawahi kuishi na binadamu."

"Prof, na huyo mama?" nikamwuliza.

"Amewekwa hapo kuendesha hadithi."

"Mimi nililia," Mhariri akasema. "Na bila tuzo, hata bosi wangu hatakifungua."

"Kwa hivyo tuzo ni ya kuuzia vitabu?" Mwenyekiti akamwuliza.

Tulibishana hadi chai ikapoa. Tulipopiga kura Mwenyekiti akashindwa, akatia sahihi bila kutuangalia.

Siku ya kutuza, sisi waamuzi tuliketi jukwaani, mara ya kwanza kuonekana hadharani. Katibu wa tuzo, ambaye peke yake alikuwa na majina, akamtaja mshindi: Sabera Karimi. Mama mmoja akainuka safu za nyuma, akatembea, kisha akasimama ghafla katikati ya ukumbi. Nilimtambua. Nilipokuwa mwanafunzi nilikula githeri jikoni kwake. Alikuwa mke wa Mwenyekiti, na lile lilikuwa jina lake la kabla ya ndoa.

Mwenyekiti aliinuka kitini.

"Mama Mwenda? Kwani wewe huandika?"

"Tangu watoto waondoke," alijibu polepole. "Kumbe mwamuzi ni wewe?"

Sheria ilikataza kumtuza jamaa ya mwamuzi. Mwenyekiti mwenyewe alichukua maikrofoni akaisema, akaongeza kwamba alikuwa amekipinga kitabu hicho. Mkewe akarudi kuketi.

Mhariri aliupeleka mswada kwa bosi wake akakataa kutoka ofisini mpaka usomwe. Ulichapishwa bila tuzo. Niliufundisha darasani, na wanafunzi walibishana hadi wakapitwa na chakula cha mchana.

Sasa nimestaafu, baada ya kukaa katika majopo mengi Meru na Embu. Vijana wakiniuliza thamani ya tuzo, huwaambia ni uamuzi wa watu wachache waliochoka, ingawa nimeona ikimpa mtu ujasiri wa kuendelea.

Juzi niliwatembelea Mwenyekiti yule na mkewe, nyumbani kwao Mitunguu. Profesa alikuwa amevaa miwani, anasoma mswada mpya wa mkewe.

"Bado hapendi mitambo yangu," mama akaniambia akinimiminia uji.

"Siipendi," profesa akasema bila kuinua macho. "Niache nimalize sura hii."