Nilifuta Pombe, Nikaandika Soda

Nimekosa. Naanza hivyo hivyo bila kuzunguka, maana nikizunguka nitajitetea, na kujitetea nimeshajitetea vya kutosha. Kuna mtu yuko kaburini kwa sababu ya kalamu yangu. Sikushika panga mimi. Siku ya mwisho kuonana naye tulicheka pamoja. Lakini najua nilichofanya.

Usihangaike kutafuta jina langu. Jua tu kwamba ni mtumishi wa serikali, mwanamke, mzaliwa wa Rombo, niliyepangiwa kazi Kasulu nikiwa bado msichana wa kuvaa viatu virefu kwenye matope. Vijijini waliniita Bibi Maendeleo.

Mwaka ule halmashauri ilitenga fungu la kuzuia ugomvi kabla haujafika kwenye damu. Wazo zuri, naapa! Badala ya kusubiri polisi waje kubeba maiti, tuliwawezesha watu wa hapo hapo, wanaojuana, waende nyumba kwa nyumba kupoza watu waliochafukwa roho. Kiongozi wa kikundi changu alikuwa Mama Yusta, muuza unga wa muhogo, mfupi, sauti kubwa, na subira ambayo mimi sikujaliwa.

Walikuwa na kesi ya majirani wawili upande wa Kitanga, Gwimo na Bihemo. Wanagombea mpaka wa shamba, kipande ambacho hata mkeka hautoshi kutandika! Migomba ya Gwimo ikakatwa yote. Bihemo akaapa mbele ya watu kwamba siku Gwimo akikanyaga upande wake, atamkata yeye. Mama Yusta na wenzake wakawaingia taratibu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, mpaka wote wawili wakakubali kukaa pamoja.

Ikabaki siku ya kumaliza. Mama Yusta akaniletea ofisini mchanganuo wa mahitaji, ameuandika kwa mkono. Mstari wa kwanza kabisa ulisema: mtungi mmoja wa pombe ya ndizi.

Nilicheka, jamani! Nikamwambia, "Mama Yusta, fedha ya umma nikanunulie pombe? Na mimi mlokole hivi unavyoniona?"

"Si ya kulewa, Bibi Maendeleo," akasema. "Huku kwetu watu wakisema kwa mdomo kwamba yameisha, bado hayajaisha. Wanawekewa mtungi mmoja, kila mtu anatia mrija wake, wananywa watu wanaona. Ukishanywa na mtu hivyo, huwezi kumwinulia mkono. Hata watoto wako hawawezi."

"Nitawapa soda."

"Soda kila mtu na chupa yake, mwanangu."

Nikamwangalia kama mtu anayenipotezea muda. Hakukata tamaa. Akaniomba siku kumi. Ndizi watachangishana wenyewe, wazivundike, wakamue, waache ichachuke. Mimi nisitoe kitu, nisogeze tu tarehe.

Hapo ndipo ningepona! Aliomba siku tu. Lakini robo ya mwaka ilikuwa inakwisha, ripoti inadaiwa, na wakubwa walitaka picha ya watu wakipeana mikono. Nikachukua kalamu nyekundu, nikafuta mtungi mbele ya macho yake. Nikaandika soda na biskuti, Alhamisi saa nne asubuhi.

Na nikwambie kibaya zaidi, kitu ambacho hata mume wangu sijawahi kumwambia. Sikuwa mjinga. Kwetu Rombo nimekua nikiona mbege, pombe yetu ya ndizi, ikimaliza kesi za ndugu wasiosalimiana. Nilielewa kabisa Mama Yusta alichokuwa anasema. Nilijifanya sielewi kwa sababu ilikuwa rahisi.

Alhamisi ikafika. Gwimo alivaa shati jeupe. Akanywa soda yake kwa mkupuo, akacheua, akacheka mwenyewe. "Bibi Maendeleo, leo serikali imetupatanisha!" akasema, nami nikacheka naye.

Bihemo alishika chupa yake mkononi, kizibo juu. Nikamfuata na opena. Akaisogeza pembeni, kwa adabu tu, akasema, "Nitakunywa nyumbani." Nikawaambia wasimame, wapeane mikono, watazame simu yangu. Wakasaini karatasi ya mahudhurio.

Mama Yusta akanisogelea sikioni. "Hajanywa."

"Amesaini," nikamjibu.

Haikupita hata mwezi. Ulikuwa msimu wa kupanda maharage, asubuhi yenye jua zuri, Gwimo akakatiza njia ya mkato kandokando ya mpaka ule, jembe begani. Hakufika hospitali. Bihemo hakukimbia. Alikaa chini pale njiani akawasubiri polisi, na walipomuuliza vipi wakati mlishapatanishwa, akasema, "Mimi na yeye hatujanywa."

Maneno hayo aliniletea Mama Yusta. Hakunilaumu. Alilia tu, akisema yooo, yooo.

Ungedhani hapo nilisema ukweli. Wapi! Kilipoitishwa kikao, wakubwa wakauliza kikundi kilifanya kazi gani kama watu bado wanauana. Nikatoa faili langu, karatasi ya mahudhurio, sahihi mbili, picha. Nikasema mimi kwa upande wangu nilitekeleza. Wakaamua watu wa Mama Yusta ndio wazembe, wakafuta fungu lao. Niliinamisha kichwa nikaandika muhtasari kwa mwandiko mzuri.

Mwaka uliofuata nikapandishwa cheo, nikahamishiwa Kibondo. Umesikia? Nilipandishwa!

Na hapa Kibondo ndipo Gwimo aliponifuata. Siku moja tulikuwa na mafunzo ya kuandaa mipango kama ile. Mtoa mada akasema anatuonyesha mfano wa usuluhishi, akarusha picha ukutani. Ilikuwa yangu. Hakujua mwisho wake, aliitoa tu kwenye ripoti ya zamani yenye jina langu. Gwimo na shati lake jeupe, meno nje. Na pembeni mkono wa Bihemo na ile chupa, kizibo kikubwa kama sinia. Watu wakapiga makofi. Wakaniomba nisimame niwaeleze nilifanyaje.

Nilisimama. Nikachukua mkoba wangu, nikatoka nje.

Tangu siku ile sina amani. Mtu akifungua soda harusini, mlio ule wa kizibo unanishtua nageuka nyuma. Namuona Gwimo kwenye kila shati jeupe kanisani. Mume wangu anasema naongea usingizini, nasema, "Fungua, fungua."

Nikafunga safari hadi kwa mjane wake. Nilimkuta nje anachambua maharage kwenye ungo. "Mwakeye," nikamsalimu kwa Kiha changu kibovu. Akaitika, akanipa kigoda. Nikamweleza yote, mtungi, kalamu nyekundu, siku kumi, kikao. Alisikiliza bila kuinua macho.

Nilipomaliza akasema, "Siku zote za ugomvi alikuwa anazunguka njia ya juu. Ndefu, ana mguu mbovu, lakini anazunguka. Baada ya ile siku ya soda akaniambia, mama Daudi, sasa nakatiza. Serikali imeshaandika."

Mungu wangu! Kumbe kama nisingewaita kabisa, angekuwa bado anazunguka.

Nikapiga magoti, nikaomba msamaha. Akainuka, akaenda kwenye kibanda cha jirani, akarudi na soda ya chungwa. Akaiweka mbele yangu, kizibo juu, bila opena. Kisha akarudi kwenye maharage yake. Nilipoinuka kuaga akasema, "Beba soda yako."

Jana nimepeleka barua kwa wakubwa, nimeandika kama nilivyokuandikia wewe, na nimeomba kikundi cha Mama Yusta kirudishiwe fungu lake. Wakinifukuza kazi, sawa.

Na wewe uliyekaa kwenye kiti kama changu, una muhuri na kalamu, nakusihi! Kabla hujafuta mstari usiokupendeza, muulize aliyeuandika ana maana gani, na akikujibu umsikilize mpaka mwisho. Akikuomba siku kumi mpe. Ripoti ikichelewa utagombezwa tu, mimi hapa natamani ningegombezwa.

Soda ile ipo juu ya kabati la chumbani kwangu. Mume wangu ameuliza mara mbili kwa nini hatuinywi. Namsubiri mama Daudi aniite. Siku akiniita na mtungi nitakwenda, nitashika mrija, nitakunywa watu wakiona, na ulokole wangu tutaongea mimi na Mungu. Hajaniita bado.