Kiti cha Mshona Viatu

Harufu ya nta ya nyuki hunirudisha Kilburn, mtaa wa London, kwenye fleti yetu ya vyumba viwili juu ya duka la mikoba. Baba alikuwa na bonge la nta, jeusi kwa uzee, ndani ya kopo la biskuti chini ya kitanda. Humo mlikuwa pia na msharasi wake, ile sindano nene ya kutobolea ngozi. Kwao Unguja alikuwa fundi wa makubadhi. London kazi yake ilikuwa kuogesha wazee katika nyumba ya kulelea.

Nilipokuwa na miaka tisa, darasani tulisoma zama za wafalme wa Tudor, waliotawala Uingereza miaka kama mia tano iliyopita. Ngoja nikueleze kidogo, maana mambo yale yalinivutia sana. Wanaume wa mji huu walijulikana kwa kazi zao. Waokaji walikuwa na chama chao, wahunzi chao, na watengeneza ngozi walisukumwa ng'ambo ya mto kwa sababu ya uvundo. Milangoni zilining'inia alama, kiatu au mkasi, kwa kuwa wengi hawakujua kusoma.

Jioni nilimsimulia Baba, mimi kwa Kiingereza, yeye akijibu kwa Kiswahili, kama kawaida yetu.

"Hao washona viatu, uzi walipaka nini?"

"Nta. Imo kitabuni."

Alicheka mpaka akavua miwani. "Basi na miye mtu wa zama hizo! Mwambie mwalimu wako, fundi wanaye."

Nilimwambia, na mwalimu akafurahi. Siku chache baadaye akatugawia barua: Alhamisi itakuwa siku ya mafundi, na mzazi mwenye kazi ya mikono anakaribishwa kuja kuonyesha. Nilipokuwa nikiisoma njiani ndipo nilipomwona Baba akilini: amekaa sakafuni, amevua viatu, ngozi ameibana baina ya nyayo zake kama mafundi wa kwao wafanyavyo, na darasa zima linamtazama vidole vya miguu. Barua niliitia kwenye pipa la taka la kituo cha basi.

Siku tatu mfululizo aliniuliza, "Kasemaje mwalimu?" Kopo lilikuwa limeshatoka chini ya kitanda, na msharasi unang'aa kwa kusuguliwa.

Siku ya tatu nikasema, "Hawataki wazazi."

"Haya, mwanangu."

Alhamisi alikuja mwokaji mmoja, baba wa mwenzetu, akatufundisha kusuka mkate. Kila mtu alimzunguka. Kwenye meza ya pili mwalimu alikuwa ameweka kipande cha ngozi na kiti, na juu ya kiti kadi yenye picha ya kiatu. Nilikaa karibu na kiti hicho peke yangu hadi kengele ilipolia. Kisha mwalimu akakirudisha ukutani.

Wiki iliyofuata Baba alikuja kunichukua. Mwalimu akamwahi getini.

"Tulikungoja siku ya mafundi. Barua hukuipata?"

Baba alinitazama, kitambo kidogo tu.

"Niliipata," akasema kwa Kiingereza chake cha taratibu. "Samahani sana. Kazini walininyima ruhusa."

Tulitembea mpaka kwenye taa za barabarani. Hapo akanishika mkono. "Una njaa?" akauliza. Nami nikashusha pumzi, nikidhani nimepona.

Wakubwa walizoea kuniambia kwamba mzazi ni nguo, humstiri mtoto. Nilidhani ni maneno ya kunituliza. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba pale getini Baba alinistiri mbele ya mwalimu, akabeba yeye aibu ya kutokuja. Na katika mji huu wote, ambao haukuwahi kumwita fundi, alikuwa na msikilizaji mmoja tu wa habari za ufundi wake, na siku ile alijua kwamba msikilizaji huyo anamwonea haya.

Hakunisimulia tena habari za ngozi na uzi. Kila jioni alinisubiri niseme neno, nami sikumwuliza.